Mkate wa Mtu Mmoja

Maalim Kamaludin alikuwa mtu wa kushtuka, na Kibokoni nzima ilijua. Alishtuka akisikia mtu anapiga mluzi. Alishtuka akiona kijana katoka na suruali bila kanzu juu yake. Mwaka ule wa arubaini na nne, vita vilipoijaza bandari ya Kilindini mabaharia wa kila rangi, aliwaona wengine wao wakila huku wanatembea. Kula huku unatembea, ndugu zangu, kama mbuzi. Siku hiyo alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Mwanakuu, kwamba Kiyama kimekaribia. Mwanakuu akamwambia basi kabla hakijafika aje ale, wali unapoa.

Kwa hiyo msinione mzushi nikiwaambia kwamba mtu huyu nusura amnyime binti yake mume kwa sababu ya mkate.

Binti alikuwa mmoja tu, Mwanaesha, na aliyemposa ni Jamaldin wa mtaa wa Kuze. Jamaldin alikuwa amefanya kazi jikoni kwenye meli ya mizigo kwa miaka mitatu, katikati ya vita, na akarudi mzima. Wazee wake walikuwa wamekwisha leta posa, na jawabu lilingojwa Ijumaa baada ya sala. Maalim hakuwa na neno na kijana. Moyoni alikuwa keshakubali siku nyingi, ila hakutaka aonekane ana haraka.

Jumatatu ya wiki ile, baada ya alasiri, Jamaldin alipita barazani kwa Maalim kutoa salamu. Wazee wa mtaa walikuwapo, kahawa inazunguka. Mmoja wao akamwuliza, katika yote aliyoyaona huko ng'ambo, ni kipi kilichomshangaza zaidi. Walitegemea kusikia habari za majumba marefu. Jamaldin akafikiri kidogo, akasema ni mkate.

"Bandari moja ya Amerika kuna hoteli wapika kitu chaitwa hambaga," akasema. "Ni mkate wa duara, umepasuliwa katikati, ndani mmetiwa nyama ya kusaga iliyokaangwa mfano wa kababu. Zile za kawaida hushikwa mkononi. Lakini hoteli ile wana moja kubwa, sawasawa na sinia ya kulia watu wanne. Na huletewa mtu mmoja."

"Na wenziwe?" akauliza Maalim.

"Wenziwe hukaa wakimtazama."

"Hawakaribishwi?"

"Hawakaribishwi, Maalim. Akiimaliza peke yake hupigwa picha, ikatundikwa ukutani."

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja akasema njia ya mwongo fupi, lakini hii ya Jamaldin imefika Amerika. Kijana uso ukamwiva. "Wallahi nimeiona kwa macho yangu haya," akasema.

Hapo ndipo Maalim aliposhtuka kikweli. Mtu anawekewa chakula cha watu wanne, mbele ya watu wenye macho na matumbo, na anakula bila kusema karibu? Katika mji wetu, hata uwe unatafuna muhogo mkavu, mtu akipita mlangoni wamwambia karibu, naye akasema starehe, akapita zake. Hata masikini wa kutupwa husema karibu. Maalim hakuweza kuamini kwamba Mungu ameumba nchi isiyokuwa na neno hilo. Kwa hiyo kijana alikuwa anasema uongo, na uongo huo ameutilia jina la Mungu. Mtu anayeapa kwa jina la Mungu kwa sababu ya mkate, atamwapia mke wake mambo mangapi?

"Jamaldin," akasema, kwa ile sauti iliyowatetemesha wanafunzi wa chuo chake cha Qurani, "jina la Mungu halichezewi kwa mkate. Una shahidi?"

"Wenzangu wameondoka na meli, Maalim."

"Nataka shahidi mmoja tu. Mtu wa mji huu, aliyekiona kitu hicho kwa macho yake."

"Sina. Lakini nasikia hata hapa kisiwani iko hoteli yawapikia mabaharia wa Kimerikani. Sijui ni ipi."

Hapa kisiwani. Mvita, mji wa wanavyuoni. Maalim damu ikampanda hadi masikioni, akasahau maneno aliyoyasema hata mate hayajamkauka. "Wallahi," akasema, "ikiwa mkate huo wapikwa katika kisiwa hiki, nitaula mimi mwenyewe, peke yangu, mpaka uishe. Na usipopatikana kabla ya Ijumaa, posa yako ikatafute nyumba nyingine."

Mmesikia wenyewe. Aliyekataza kuapia mkate kaapia mkate. Wazee wakatazama ndani ya vikombe vyao, maana nani angethubutu kumwambia? Juu, kwenye dirisha la chumba cha wanawake, pazia lilitikisika. Maalim aliliona, akadhani ni upepo.

Jumanne na Jumatano Jamaldin alizunguka kisiwa kizima. Alianza hoteli za Mwembe Tayari, akashuka barabara ya Kilindini, akafika mpaka Feri. Mgoa mmoja alimpa samaki wa kukaanga akamwambia ndicho chakula kikubwa alicho nacho. Mpunjabi mmoja alimcheka mpaka akashika mbavu: unga wenyewe wagaiwa kwa kipimo cha serikali, nani atauoka wa sinia nzima ampe mtu mmoja? Kila jioni kijana alirudi barazani kanzu imeloa jasho, akasema bado. Waliokaa nje wakamkejeli, wakamwuliza kama sinia imekwisha shuka melini. Yeye akawajibu kwa adabu na kesho yake akaanza tena.

Maalim alitazamia kufurahi, na furaha haikuja. Aligundua kwamba alikuwa anamtaka kijana awe mkweli. Alimpenda, basi. Lakini kiapo ni kiapo, na neno lilisemwa mbele za watu. Nyumbani nako hapakuwa na raha. Mwanaesha, aliyezoea kuimba kwa sauti ya chini akiwa jikoni, alinyamaza kabisa. Mwanakuu alitia chumvi samaki mara mbili. Maalim alipouliza kuna nini, aliambiwa hakuna kitu.

Alhamisi asubuhi alirudi kutoka msikitini, ambako kila siku alisomesha darsa tangu alfajiri mpaka jua lipande, akakaa kunywa kahawa. Finjani yake ilikuwa ya marehemu mama yake, ina maua ya buluu, na mdomoni ina pengo dogo, kama kichwa cha msumari. Miaka ishirini Maalim alinywea finjani hiyo hiyo kwa upande usio na pengo. Asubuhi ile midomo yake ilikutana na kitu kigumu. Akatazama. Ni unga, umekauka pande zote za ukingo.

"Finjani hii ilikuwa wapi?" akauliza.

"Kabatini, pahala pake," akasema Mwanakuu.

"Kabatini kuna unga?"

"Siku hizi unga uko kila pahala isipokuwa dukani."

Maalim hakupenda jawabu lile. Akaifuta finjani kwa ncha ya kikoi, akanywa amekunja uso. Alhamisi chuo hakisomi, kwa hiyo akavaa kanzu safi, akachukua bakora yake na kutoka na Jamaldin. Kama mkate ule ulikuwapo, alitaka auone mwenyewe, na kama haukuwapo alitaka kijana akose mbele yake, asije akasema hakutafutiwa haki.

Walitembea mpaka adhuhuri bila kupata kitu. Walipokaribia Shimanzi walimkuta Kadenge, hamali wa bandarini anayemjua Maalim miaka mingi, anavuta mkokoteni wa magunia. Jamaldin hakutaka hata kumwuliza, alikuwa amechoka kuchekwa. Aliyeuliza ni Maalim.

"Ule mkate wa mabaharia?" akasema Kadenge, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda sokoni. "Uko kwa Badawi, nyuma ya maghala. Lakini hapiki kila siku, Maalim. Hupika meli ya Wamerikani ikiwa bandarini, na leo ipo."

Jamaldin akakaa juu ya mpini wa mkokoteni. Alisema alhamdulillahi, kisha akasema tena, na Maalim akatazama pembeni amwache afute macho.

Badawi alikuwa mtu wanayesali naye msikiti mmoja, nyama yake hununuliwa kwa mchinjaji anayejulikana. Maalim, nawaambia ukweli, njiani alikuwa ameanza kutamani hoteli iwe ya mtu asiyejua kuchinja, apate sababu ya kukataa. Sababu hiyo haikuwapo.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha mabati. Mlangoni walijazana mahamali, wameacha mizigo, wanachungulia. Katikati amekaa baharia kijana, uso umejaa madoadoa, na mbele yake kuna sinia. Juu ya sinia palikuwa na mkate, au nusu ya mkate, maana nusu nyingine ilikuwa imekwisha ingia ndani ya yule mtoto wa watu. Mafuta yalimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Wenziwe sita walimzunguka, wanapiga meza na kumhimiza, wala hakuna aliyenyoosha mkono. Maalim alisimama kizingitini, na kwa mazoea akasema starehe. Baharia aliinua macho, akamtazama huku anatafuna, akainamia sinia yake.

Maalim alihisi kama aliyepigwa kofi. Kila neno alilosema Jamaldin lilikuwa kweli.

Badawi alikuja mbio akijifuta mikono. "Karibu, Maalim. Karibu chai."

"Sikuja chai. Nimekuja kula ule."

Badawi akageuka rangi. Akatazama sakafu, akamtazama Jamaldin, akatazama sakafu tena. "Maalim, kile si chakula chako. Nitakupikia pilau sasa hivi."

"Nimekiapia."

"Nakuomba, Maalim."

"Lete, Badawi."

Ukaletwa. Ulikuwa mpana kuliko kifua cha mwenye kuula. Nyama imejaa mpaka kingoni, nene kama tofali, na juu yake vitunguu na vipande vyekundu vya tungule. Mkate wenyewe umevimba vizuri, umepakwa siagi, una rangi ya kahawia. Katikati ya uso wake palikuwa na alama, duara iliyogandamizwa kabla ya kuokwa, upana wake kama finjani ya kahawa. Duara ile haikutimia. Upande mmoja ilikatika, nafasi ndogo, kama kichwa cha msumari.

Maalim aliitazama. Akaizungusha sinia, akaitazama upande wa pili. Akaweka kidole kwenye lile pengo. Akakumbuka unga mkavu kwenye midomo yake asubuhi ile ile.

"Nani huoka mkate huu?" akauliza.

"Wanawake wa mjini, Maalim," akasema Badawi, bila kumtazama. "Mimi hununua tu."

Ameshtuka mara nyingi maishani Maalim Kamaludin, lakini zile zote zilikuwa mazoezi. Nyumba yake. Mkewe na binti yake wanaoka mkate wa walafi, kila meli inapotia nanga, na mji mzima labda wajua, na yeye anakaa barazani anaapa kwamba kitu hicho hakiko. Hasira ilimpanda. Alitaka kuinuka aende nyumbani wakati ule ule. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na kiapo kilikuwa juu ya shingo yake, akanawa mikono, akasema Bismillahi, akamega.

Ladha ilikuwa ya nyumbani. Mbegu za habasoda, na hiliki nyingi kupita kiasi, ile hiliki aliyomkataza Mwanakuu tangu walipooana. Akala tonge la pili na la tatu. Hapo akainua macho, akamwona Kadenge, amewafuata mpaka mlangoni, naye amevuta mkokoteni tangu asubuhi na hajatia kitu tumboni, anatazama mkono wake unavyopanda na kushuka. Neno karibu likamjia Maalim mdomoni, akalimeza pamoja na nyama. Alikuwa ameapa kula peke yake. Katika umri wake wote hakupata kuona aibu kama ile, na aliendelea kula.

Akawa anatafuna na kuwaza. Tangu vita kuanza, wazazi wa wanafunzi humletea nazi mbili na udhuru mrefu badala ya ada. Na nyumbani mchele haukukosekana. Sukari haikukosekana. Kanzu mpya ya Idi ilikuwapo. Yeye akiwaambia wazee barazani kwamba ni baraka, kwamba nyumba yenye Qurani haipungukiwi. Hakuuliza siku hata moja. Kumbe baraka ilikuwa inakanda unga wakati yeye yuko msikitini anasomesha, na inapika, na inafagia, ili akirudi asione kitu. Hasira ikapungua, na kilichobaki kilikuwa kizito zaidi kukimeza.

Alikula robo. Akala kidogo juu ya robo. Tumbo likakaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Yule baharia mwenye madoadoa, aliyekwisha maliza yake, alikuja akampigapiga begani na kusema neno kwa kicheko.

"Asemaje?" akauliza Maalim.

"Asema jikaze, mzee," akasema Jamaldin.

Maalim akaweka tonge chini. Jasho lilimtiririka ndani ya kofia. "Kiapo kimenishinda," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Miaka thelathini nasomesha watu kwamba anayevunja kiapo hulisha masikini kumi. Leo ni zamu yangu. Kadenge, ita wenzio, muwe kumi. Badawi, huu hautawatosha, wapikie na wali na nyama, kila mtu ashibe, na nitalipa mimi." Kisha akasogea kwenye benchi, akaweka nafasi, akasema, "Karibuni."

Wakaja. Wakanawa, wakakaa kuizunguka sinia, mabega kwa mabega, na mkate ule ukaisha kabla wali haujatokota. Mabaharia wakatazama kwa mshangao, maana sasa ilikuwa zamu yao kushtuka. Maalim alimshika Jamaldin mkono. "Ulisema kweli," akamwambia. "Nimekudhulumu mbele za watu, na mbele za watu nakutaka radhi." Jamaldin akauinamia ule mkono, akaubusu.

Maalim alirudi Kibokoni peke yake, polepole, kwa sababu ya tumbo na kwa sababu ya mengine. Mwanakuu alimfungulia mlango. Alimtazama uso, akatazama doa la mafuta kwenye kanzu, akajua.

"Umeumaliza?" akauliza.

"Nani angeweza kuumaliza?" akasema Maalim. Akakaa chini kwenye mkeka. "Tangu lini, Mwanakuu?"

"Tangu mwaka wa pili wa vita. Zamani vidogo vidogo. Hawa Wamerikani ndio waliotaka mkubwa."

"Na hukuniambia."

"Ungekataza. Kisha tungekula nini, Maalim?"

Maalim alitazama mikono ya mkewe, imekauka na kupasuka kwenye viungo vya vidole, na akaona aibu kwamba ndiyo mara ya kwanza anaitazama. "Lakini alama," akasema. "Mmeficha miaka yote. Kwa nini leo mmeutia alama ya finjani yangu, kama mtu anayetia muhuri barua? Mlitaka kunifedhehesha?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia la chumba cha ndani.

"Ni mimi, Baba. Mama hakujua mpaka mkate ulipokwisha ondoka."

Maalim akageuka. Mwanaesha hakutoka. Aliongea polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno yake siku tatu.

"Ulitaka shahidi mmoja, mtu wa mji huu, aliyekiona kwa macho yake. Mimi nilikuwa juu, nasikia. Nimeukanda mimi mkate huo, kila meli ikija. Jamaldin wanamwita mwongo, nami najua ni mkweli. Ningeshuka barazani kwenye wanaume niseme? Basi nikaituma finjani yako iseme."

Nje mtu alipita akatoa salamu, na Maalim hakuitikia, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Kesho watakuja wazee wa Jamaldin kutaka jawabu," akasema baadaye, na sauti yake haikuwa ile ya chuoni. "Niwaambieje, mwanangu?"

Nyuma ya pazia hakukusikika neno. Maalim amesomesha mara ngapi kwamba ridhaa ya mwanamwali ni kimya chake? Akangoja hata hivyo, aliona kwamba safari hii anadaiwa kungoja. Kimya kikaendelea, na ndani yake Mwanaesha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo wake wa jikoni.

Mwanakuu alileta kahawa. Finjani ilikuwa ile ile, yenye pengo, na unga mwingine mkavu ulikuwa bado umeng'ang'ania ukingoni pale ambapo asubuhi Maalim hakuufuta vizuri. Aliigeuza mkononi, akauona. Kisha akainywa kahawa yake upande ule ule wenye unga, taratibu, mpaka ikaisha.